Paul Bomani: Kutoka Mizani ya Pamba hadi Wizara ya Fedha

Paul Lazaro Bomani (1925–2005) ni mwanasiasa wa Kanda ya Ziwa aliyepandishwa na pamba. Viongozi wengi wa kizazi cha Uhuru walitokea darasani, kama Julius Nyerere, au kwenye vyama vya wafanyakazi, kama Rashidi Kawawa. Bomani alitokea duka la ushirika na kituo cha kununulia pamba. Kabla ya kuwa waziri wa kilimo, waziri wa fedha na balozi huko Washington, aliongoza umoja wa vyama vya wakulima uliokuja kutajwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Kisha mwaka 1965, akiwa bado waziri wa fedha, wapiga kura wa Mwanza wakamwangusha. Kupanda kwake na kuanguka kwake vina mzizi mmoja, na ndiyo sababu maisha yake hayaelezeki bila kuanza na pamba yenyewe.

Nchi ya pamba

Anayetoka Mwanza mjini kuelekea kusini hufika Usagara, njia panda ya wilaya ya Misungwi. Barabara moja inakwenda Shinyanga. Nyingine inaelekea Kigongo, ambako kwa miaka mingi magari yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kuvuka kwenda Busisi, Sengerema na Geita, hadi Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilipofunguliwa mwezi Juni 2025. Si mbali na njia panda hiyo kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kilichoanza kazi katika miaka ya 1930. Wakulima wa zamani waliozoea kuitaja mbegu ya "UK" ikifuatiwa na namba walikuwa wakitaja herufi mbili za Ukiriguru, iwe walijua au la. Mbegu hizo zilistahimili wadudu wanaofyonza majani na maradhi yaliyokuwa yakimaliza pamba ya zamani, na bila hizo pengine historia ya kisiasa ya Usukuma ingekuwa nyingine kabisa.

Pamba ililetwa na Wajerumani na ikasukumwa na Waingereza, lakini wingi wake mkubwa ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Bei katika soko la dunia ilipanda, hasa wakati wa vita vya Korea. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilienea. Familia nyingi zilihama kutoka maeneo yaliyobanana ya Kwimba na Mwanza kwenda kufyeka mapori ya Geita, ambako ardhi ilikuwa mpya. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, kwa hiyo marobota yalikuwa na njia ya kwenda pwani. Katika mwongo mmoja wa 1950 mavuno ya Jimbo la Ziwa yaliongezeka mara kadhaa, na Tanganyika ikaanza kuitegemea pamba ya Wasukuma kama ilivyotegemea mkonge wa Tanga na kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba.

Mkulima alikuwa na kilio kimoja kikubwa, nacho kilikuwa mizani. Vinu vya kuchambulia pamba na maduka ya kununulia vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na serikali iligawa leseni kwa namna iliyopunguza ushindani. Mkulima alibeba mzigo wake kichwani au kwenye baiskeli, akatembea maili nyingi, akafika kituoni amechoka na bila pa kuurudisha. Aliyeshika mizani ndiye aliyesoma uzito. Aliyesoma uzito ndiye aliyeamua kama pamba ile ni "safi", yaani daraja la kwanza, au "fifi", daraja la pili lenye bei ya chini. Ratili chache zikipotea kwenye kila mzigo, na mzigo mweupe ukiitwa fifi, mwisho wa msimu inakuwa mali nyingi iliyobadili mikono bila kelele. Serikali ilikuwa na sheria na wakaguzi, lakini vituo vilikuwa vingi na vimetawanyika.

Upande wa pili wa Ziwa Victoria, Buganda, hasira ya namna hiyohiyo ilichangia ghasia za 1949, wakulima wakidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Usukuma haikufika huko. Njia iliyochukuliwa huku ilikuwa ya polepole zaidi na, kwa maoni yangu, ya akili zaidi. Mtu aliyeiongoza alikuwa karani wa umri wa miaka ishirini na ushei.

Mwana wa mhubiri

Bomani alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Ikizu, Musoma, ingawa familia yao ni ya Wasukuma. Baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa mhubiri wa Waadventista Wasabato, kanisa ambalo misheni zake zilianza kuenea kwenye ukanda wa mashariki na kusini mwa ziwa tangu enzi za Wajerumani. Nyumba ya mhubiri ilimaanisha kusoma, nidhamu ya saa, na kuhama na kazi ya mzee. Ilimaanisha pia kwamba Paul alikua nje ya koo za watemi. Hakuwa mtoto wa ikulu yoyote ya kijadi, wala hakusomeshwa Tabora, shule iliyotayarisha watoto wa watemi na vijana waliochaguliwa. Alisoma katika shule za kanisa lake.

Katikati ya miaka ya 1940 alifanya kazi ya ukarani Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wa John Williamson. Mgodi huo ulikuwa mchanga, almasi ziligunduliwa hapo 1940, na ulikuwa mahali ambapo kijana wa Kiafrika angeweza kuona kwa karibu jinsi kampuni inavyoweka hesabu zake. Hakukaa sana. Mwaka 1947 alikuwa Mwanza, katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Chama hicho kidogo hakipewi nafasi inayostahili katika simulizi za Uhuru. Baada ya vita bidhaa kama nguo zilikuwa adimu, na mgao wake ulipitia kwa wauzaji wa jumla ambao mwenye duka Mwafrika alikuwa wa mwisho kwenye orodha yao. Wenye maduka wa Mwanza waliungana ili wanunue pamoja. Wakamkabidhi Bomani vitabu. Wale wafanyabiashara waliopitapita vijijini waliyasikia malalamiko ya pamba kila walikokwenda, maana mteja wao wa nguo na sukari alikuwa mkulima yuleyule aliyetoka kupunjwa kituoni. Fedha ya mkulima ikipungua kwenye mizani, duka nalo halina mauzo. Hivyo ushirika wa maduka ukaingia kwenye suala la pamba kwa sababu za biashara tupu, na siasa zikafuata.

Wapimaji wa wakulima

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wakulima katika sehemu mbalimbali za Usukuma walianza kuchagua wapimaji wao wenyewe. Mpimaji alisimama kituoni mbele ya mnunuzi, akapima mzigo upya au kuusimamia upimaji, na ujira wake ulitoka kwa wakulima. Wazo ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kulipita bila kulitazama. Hakuna aliyesusia soko, hakuna aliyevunja sheria, hakuna leseni iliyoombwa. Mnunuzi aliendelea kununua. Ila sasa kulikuwa na jozi ya pili ya macho kwenye mizani, na macho hayo yalilipwa na upande wa muuzaji.

Bomani na wenzake waliona kwamba kikundi kinachoweza kumlipa mpimaji kinaweza pia kukusanya, kuhifadhi na kuuza. Mwaka 1950 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa, naye akazunguka vijijini akieleza mpango wa vyama vya msingi vilivyosajiliwa kisheria. Sheria ya ushirika ilikuwepo Tanganyika tangu 1932, na Wachaga walikuwa wameitumia kuanzisha chama chao kikuu cha kahawa, lakini Usukuma ilikuwa haijaguswa. Serikali ya Gavana Edward Twining, baada ya kusitasita, iliona heri ushirika wenye vitabu vinavyokaguliwa kuliko vikundi visivyo na daftari. Usajili ukaanza. Mwaka 1952 ikaundwa pia bodi ya kuuza pamba nyuzi na mbegu zake, ambayo iliuchukua mzigo ukishatoka kwenye kinu.

Bomani akapelekwa Uingereza kusomea ushirika katika Chuo cha Loughborough, mwaka 1953 hadi 1954. Ndiyo sababu mojawapo jina lake halimo katika orodha ya watu 17 walioasisi TANU mjini Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Aliporudi alikuta vyama vya msingi vimeota kila mahali. Mwaka 1955 vikaunganishwa chini ya shirikisho moja lenye makao Mwanza, ambalo kila mtu alilijua kwa herufi zake nne za Kiingereza: VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions). Bomani akawa meneja wake mkuu.

Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu. Chini kilikuwa chama cha msingi, kilichomilikiwa na wakulima wa vijiji vya karibu, chenye kamati, karani na mizani. Juu yake chama kikuu cha eneo, na juu kabisa shirikisho. Chama cha msingi kilimlipa mkulima malipo ya kwanza. Pamba mbegu ilikusanywa, ikapelekwa kinuni, ikatoka nyuzi na mbegu, nyuzi zikafungwa marobota ya ratili 400 kila moja, na bodi ikaziuza kwa mnada. Senti chache kwa kila ratili zilikatwa kuendesha chama na kujenga akiba. Baadaye, kama hesabu zilikubali, mkulima alipata malipo ya pili. Ilipofika mwisho wa mwongo, shirikisho lilikuwa na vyama vikuu 19 na vyama vya msingi zaidi ya 300, na pamba karibu yote ya jimbo ilipitia mikononi mwake.

Kutoka kununua, walisogea kwenye kuchambua. Kinu cha kwanza cha shirikisho kilijengwa Kasamwa, Geita, katikati ya miaka ya 1950. Waafrika kumiliki kinu lilikuwa jambo ambalo miaka kumi nyuma lingechekwa mjini Mwanza. Vinu vingine vikafuata, vingine vikajengwa na vingine vikanunuliwa. Kwa upande wa uchumi hiki ndicho kilele cha kazi ya Bomani, na alikuwa hajatimiza miaka 35.

Siasa bila chama

Kwenye siasa Bomani alikuwa mtu wa vyama viwili. Alikuwa kiongozi katika Umoja wa Wasukuma, ulioundwa katikati ya miaka ya 1940 na vijana waliosoma, na pia katika TAA (Tanganyika African Association), ambayo tawi lake la Jimbo la Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa kali kuliko makao makuu ya Dar es Salaam. Wenzake walikuwa Isaac Bhoke Munanka na mshairi Saadani Abdu Kandoro, ambaye ndiye mmoja wa waasisi 17 wa TANU.

Hasira walizozikusanya hazikuwa za mizani peke yake. Tangu 1947 serikali iliendesha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliowataka wakulima walime matuta, wapunguze ng'ombe kwa kuwauza, wapande kiasi fulani cha mihogo, na mengine mengi. Kitaalamu baadhi ya amri zilikuwa na maana, kwani udongo wa Kwimba ulikuwa umechoka kweli. Lakini kumwambia Msukuma auze ng'ombe kwa amri, tena akitozwa faini akikataa, ilikuwa kumgusa pabaya. Watemi walioketi katika baraza la shirikisho lao huko Malya ndio waliolazimishwa kusimamia amri hizo, na heshima yao ikapungua kila msimu.

Novemba 1954, miezi michache tu baada ya TANU kuzaliwa, serikali ilikataa kukisajili chama hicho Mwanza. Katazo hilo lilidumu hadi 1958. Kwa takriban miaka minne eneo lenye watu wengi kuliko yote nchini, lenye manung'uniko mengi kuliko yote, halikuwa na tawi halali la chama. Kilichokuwepo ni vyama vya msingi vya pamba. Vilikuwa na mikutano halali, makarani wanaojua kuandika, fedha za nauli, na wajumbe kutoka kila pembe. Serikali iliyofunga ofisi ya TANU ilikuwa yenyewe inakagua na kusifu mtandao ambao ungefanya kazi ileile.

Katika miaka hiyo Bomani alikubali kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Wapo waliomlaumu wakati huo: vipi mtu akae kwenye kiti cha gavana wakati chama chake kimefungiwa? Kandoro na Munanka walikuwa wakisumbuliwa na dola huku yeye akipanda treni kwenda vikaoni. Lawama ina uzito. Lakini nikitazama alichokuwa nacho mkononi, vyama mia kadhaa vilivyohitaji leseni, mikopo ya msimu na vibali vya vinu, sioni angepata nini kwa kugomea. Shirikisho lingefutwa usajili ndani ya msimu mmoja. Alichagua kulilinda, na TANU ilipofunguliwa milango Usukuma ilikuta watu wamekwisha kupangwa.

Milango hiyo ilifunguliwa na watu wa Geita. Serikali ilipoamua kuanzisha huko baraza la wilaya lenye watu wa rangi zote, wakati wilaya yenyewe ilikuwa na Wazungu na Wahindi wa kuhesabika, wananchi walikataa. Mwaka 1958 umati wa watu uliandamana kutoka Geita hadi Mwanza kupeleka malalamiko, ukatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Baada ya hapo mpango wa baraza la rangi ukafa, na mwisho wa mwaka TANU ikaruhusiwa tena. Bomani hakuwa kiongozi wa maandamano yale, wala tabia yake haikuwa ya barabarani. Ila katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwa mwakilishi wa kuchaguliwa kwa tiketi ya TANU.

Wizarani

Nyerere alipounda serikali ya madaraka Septemba 1960, Bomani akawa waziri wa kilimo na maendeleo ya ushirika. Uteuzi huo haukuhitaji mjadala. Pamoja na George Kahama, aliyetoka kwenye ushirika wa kahawa wa Bukoba, alikuwa mmoja wa Waafrika wachache mno nchini waliokwisha kuendesha shirika kubwa la biashara. Mawaziri wengine walijifunza mizania wakiwa ofisini, yeye aliingia nayo.

Mwanzoni mwa 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Kawawa, Bomani alichukua wizara ya fedha kutoka kwa Ernest Vasey, Mwingereza aliyekuwa amewahi kusimamia fedha za Kenya. Alikuwa waziri wa kwanza Mwafrika kushika hazina ya Tanganyika. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko cheo. Nchi haikuwa na benki kuu, sarafu yake ilitolewa na bodi ya fedha ya Afrika Mashariki, na benki za biashara zilikuwa za kigeni. Mwaka 1964 yakaja maasi ya wanajeshi mwezi Januari, Muungano na Zanzibar mwezi Aprili, na Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano mwezi Julai, mpango uliotegemea kwa sehemu kubwa fedha kutoka nje.

Katika bajeti ya Juni 1965, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania walitangaza kwa wakati mmoja kwamba kila nchi itakuwa na sarafu yake na benki kuu yake. Kwa Tanzania tangazo hilo lilitoka kwa Bomani. Sheria ya Benki Kuu ilipita Desemba mwaka huo, na benki ikafunguliwa Juni 1966. Wakati huo hazina ilikuwa tayari chini ya Amir Jamal. Shilingi ya Tanzania ilizaliwa mikononi mwa mwingine.

Septemba 1965

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo karibu yote wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wengi nje ya nchi walitarajia maigizo. Walichokiona ni wabunge wengi waliokuwa madarakani kuangushwa, mawaziri wawili wakiwemo. Bomani alikuwa mmoja wao.

Aliyeshindwa pale hakuwa mgeni aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu aliyewatoa wakulima mikononi mwa wanunuzi. Kwa nini basi? Sehemu ya jibu ni wizara yenyewe, kwani waziri wa fedha ndiye mwenye jina kwenye kila kodi. Sehemu kubwa zaidi, nadhani, ipo ndani ya ushirika. Baada ya Uhuru VFCU ilikuwa mnunuzi pekee wa pamba. Mkulima hakuwa tena na mnunuzi wa pili wa kumkimbilia, na makato kwa kila ratili, ambayo 1955 yalionekana kuwa mchango wa ukombozi, miaka kumi baadaye yalionekana kuwa kodi nyingine. Makarani waliongezeka haraka kuliko waliofundishwa uhasibu. Fedha zilipotea katika baadhi ya vyama vya msingi. Malalamiko ya mizani yakarudi, safari hii mizani ikiwa ya chama chao wenyewe. Bomani alikuwa amekwisha kuondoka katika uongozi wa kila siku, lakini uhusiano wake na shirikisho ulijulikana na kila mtu, na mdogo wake, Emmanuel Bomani, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kwa mpiga kura wa kijijini tofauti kati ya Bomani, VFCU na serikali ilikuwa imefutika.

Mwaka 1966 Rais aliteua kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini kote. Kamati hiyo ilikuta upungufu wa watumishi waliofundishwa, wizi, wanachama wasioelezwa mambo ya chama chao, na siasa kuingilia ajira. Hakuna lililomo humo ambalo wakulima wa Mwanza hawakuwa wamekwisha kulisema kwa kura mwaka mmoja nyuma. Serikali ikaingilia kati, VFCU ikavunjwa, na mwaka 1968 ikazaliwa Nyanza Cooperative Union. Nayo, pamoja na vyama vikuu vyote vya Tanzania Bara, ilifutwa 1976 wakati vijiji vilipogeuzwa kuwa wanunuzi wa msingi. Sheria ya 1982 ikarudisha vyama vikuu, lakini Nyanza iliyorudi haikuwahi kufikia nguvu za mzee wake. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, Nyanza ilikuwa na madeni na vinu vilivyochakaa.

Miaka ya mbali

Nyerere hakumwacha Bomani nje. Alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Kipindi chenyewe kilikuwa kigumu kwa mpanga mipango. Tanzania ilikuwa imegombana na Ujerumani Magharibi juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, ilikuwa imewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, na Desemba 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani. Mpango uliotegemea fedha za nje ulibaki na karatasi. Azimio la Arusha la Februari 1967 na kutaifishwa kwa mabenki vilimkuta hapo. Kwa mtu aliyelelewa na biashara ya ushirika, ujamaa wa dola haukuwa lugha yake ya kwanza, lakini alifanya kazi ndani yake bila kugombana hadharani. Baadaye alishika wizara ya biashara na viwanda.

Mwaka 1972 alipelekwa Washington kuwa balozi, akiwakilisha pia nchi yake Mexico, na akakaa huko hadi 1983. Miaka kumi na moja ni muda mrefu kwa balozi yeyote. Ndani yake yalitokea mapinduzi ya Lisbon ya Aprili 1974, yaliyomaliza utawala wa Kireno Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, na kuifanya Dar es Salaam, kituo cha wapigania uhuru, kuwa mahali ambapo Wamarekani walilazimika kubisha hodi. Henry Kissinger alikuja Dar es Salaam mwaka 1976. Nyerere alikaribishwa Washington na Rais Jimmy Carter mwaka 1977, mazungumzo yakiwa hasa juu ya Rhodesia na kusini mwa Afrika. Kisha vikaja vita vya Kagera na hazina iliyokauka. Balozi aliyewahi kuwa waziri wa fedha alikuwa na kazi ya kuwaeleza watu wa Benki ya Dunia hesabu za nchi ambazo alizijua kutoka ndani.

Aliporudi alishika tena nyadhifa za uwaziri. Tangu 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wadhifa wa heshima ambao ulimfaa mtu asiyekuwa na shahada ya Makerere wala Edinburgh lakini aliyesoma kwa vitendo. Alifariki mwaka 2005, na Fulgence Kazaura akashika nafasi hiyo baada yake. Familia haikuishia kwake: mdogo wake Mark Bomani alikuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1965 hadi 1976, akamsaidia Nyerere na kisha Nelson Mandela katika usuluhishi wa Burundi huko Arusha, na mwaka 2008 akatoa taarifa ya kamati iliyochunguza mikataba ya madini, mada ambayo watu wa Geita wanaijua vizuri kuliko pamba siku hizi.

Kuhusu nafasi ya Paul Bomani katika historia, wanaomweka chini ya Nyerere na Oscar Kambona kwa sababu hakuwa msemaji wa majukwaani wanampima kwa kipimo kisichomhusu. Kazi yake ilikuwa kujenga chombo, na kwa miaka kumi hivi, kati ya 1950 na 1960, hakuna Mtanganyika aliyejenga kikubwa kuliko kile. Kosa la chombo hicho lilikuwa kukua hadi kumfungia mkulima njia zote nyingine, na gharama ya kosa hilo aliilipa yeye kabla ya wengine. Kumbukumbu zake nyingi hazipo Dar es Salaam. Zipo kwenye vitabu vya hesabu, kadi za uanachama na stakabadhi za pamba za vyama vya msingi vya Misungwi, Kwimba, Sengerema na Geita, na kwenye vichwa vya wazee wachache waliowahi kuwa wapimaji au makarani. Mwenye vitabu hivyo asivifanye vya kufungia karanga. Avipeleke kwenye nyaraka za taifa au maktaba ya chuo chochote cha karibu, na mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amkalie chini na kalamu angali na nguvu za kusimulia.